Kemirembe na Kadi za Shangazi

Jioni, jua lilipoanza kulegea juu ya migomba ya Mabira, kila mtu nyumbani kwa Bibi Benadeta aliijua kazi yake. Bibi aliinama jikoni akipuliza moto. Shangazi Evaresta alivua gambuti zake zilizojaa tope la mashambani, akavuta kigoda barazani, akaweka sufuria mbele yake na kuanza kumenya ndizi. Naye Kemirembe, akishawapa mbuzi maganda na kunawa mikono, aliketi mkabala na shangazi yake akiwa na rundo la kadi mapajani.

Hazikuwa kadi za kuchezea. Shangazi alizikata mwenyewe kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Upande mmoja aliandika neno la Kiingereza, na upande wa pili maana yake kwa Kiswahili. Wala hayakuwa maneno ambayo Kemirembe alikutana nayo darasa la sita. Siku moja alimwonyesha mwalimu wake kadi moja, na mwalimu akaitazama, akakuna kidevu, akasema, "Hili litabidi nikalitafute kwenye kamusi."

Shangazi Evaresta alikuwa afisa ugani wa kata. Wakulima walimwita Mtaalamu, ingawa yeye mwenyewe aliona kwamba bado kuna mengi asiyoyajua. Alitaka kwenda ng'ambo kusoma shahada ya uzamili juu ya magonjwa ya mimea, hasa ule mnyauko uliokuwa ukimaliza migomba ya watu. Chuo alichokitaka kilimtaka kwanza afaulu mtihani wa kujiunga, na sehemu kubwa ya mtihani huo ilipima maneno magumu ya Kiingereza, yale ambayo hata wenye lugha yao huyasoma vitabuni tu.

Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Kemirembe aliinua kadi. Shangazi alisoma neno kwa sauti na kutaja maana yake huku kisu kikiendelea kumenya. Akipata, Kemirembe alisema, "Sahihi," akaitupa kadi kikapuni. Akikosa, alisema, "Umekosea," akamsomea maana, kisha akairudisha kadi chini ya rundo ili iulizwe tena. Hawakuinuka mpaka rundo liishe. Kadi za kikapuni zilifungwa kwa kamba ya mgomba na kuwekwa kwenye boksi la maneno yaliyoiva, kama Shangazi alivyoyaita, na huko hazikuguswa tena.

"Jioni mimi ni mwanafunzi na wewe ndiye mwalimu," Shangazi alimwambia siku walipoanza. "Usinionee huruma, umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi," Kemirembe alijibu, akijiona mkubwa.

Kwa muda mrefu alifanya kazi hiyo kwa uaminifu, mpaka jioni moja ya kiangazi, siku moja kabla darasa la sita halijacheza rede na darasa la saba. Wasichana wote walikuwa wamekubaliana kufanya mazoezi nyuma ya kanisa. Rundo lilikuwa bado nene wakati Placida, rafiki yake Kemirembe, alipotokeza kwenye ua akiwa na mpira wa soksi mkononi.

"Kemirembe! Tunakungoja wewe tu!"

"Naja!" Kemirembe alijibu. Akainua kadi haraka.

"Noisome," Shangazi alisoma, akatabasamu. "Hili silihangaikii. Linafanana kabisa na lile neno la kelele. Maana yake ni yenye kelele."

Kemirembe aligeuza kadi. Nyuma paliandikwa kwa mwandiko wa Shangazi mwenyewe: *yenye harufu mbaya*. Hapakuwa na kelele hata kidogo. Alipaswa kusema "Umekosea." Lakini kadi ingerudi chini, na rundo lingezidi kuwa refu, na Placida alikuwa akirusha mpira juu na kuudaka, akiurusha na kuudaka.

"Sahihi," alisema Kemirembe, na kadi ikaangukia kikapuni.

Neno lilimtoka kirahisi hata yeye mwenyewe alishangaa. Kadi iliyofuata ilikuwa *restive*. Shangazi alisema ni mtu anayepumzika. Kadi ilisema ni mtu asiyetulia. "Sahihi." Ikafuata *enervate*. Shangazi alisema ni kutia nguvu. Kadi ilisema ni kudhoofisha. "Sahihi, Shangazi." Rundo liliyeyuka upesi kuliko siku zote.

"Leo nimepatia!" Shangazi alicheka. "Haya nenda, mwalimu wangu, usiwacheleweshe wenzako."

Kemirembe alikimbia. Alicheza vizuri jioni ile, lakini kila mpira ulipompita aliona uso wa Shangazi ukicheka, na kitu kama punje ya mchanga kilikuwa kikimkwaruza ndani. Alijiambia ni kadi chache tu. Kesho atazitafuta kwenye boksi na kuzirudisha kwenye rundo kimyakimya. Kesho ilipofika, boksi lilikuwa juu ya kabati chumbani kwa Shangazi, naye hakupata sababu ya kuliomba.

Siku nyingine walikuwa na mazoezi tena, akasema "Sahihi" mara kadhaa. Siku nyingine tena hapakuwa na mazoezi, bali alikuwa amechoka tu. Uongo ulikuwa umeshamzoea.

Jumapili moja baada ya misa, Kemirembe alikuwa nyuma ya jiko akisuuza vyombo. Bibi na Shangazi walikaa ndani, na sauti zao zilipita kwenye ukuta wa fito bila kuzuiliwa na kitu.

"Nikifaulu, Mama, nitaondoka baada ya mavuno ya kahawa," Shangazi alisema. "Ni miaka miwili. Nauli ya kuja likizo sitaimudu."

"Na huyu mtoto?" Bibi aliuliza.

"Atabaki na wewe. Amekuwa mkubwa sasa. Atanisahau kidogo, halafu nitarudi."

Mikono ya Kemirembe iliganda ndani ya maji. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara Bukoba. Walikuwa wamemleta Mabira kabla hajaanza shule ili amchangamshe Bibi, akazoea, akabaki. Tangu hapo ni Shangazi aliyemfunga nywele, aliyempeleka zahanati usiku wa homa, aliyemfundisha kusoma kwa kutumia vipeperushi vya mbolea. Miaka miwili! Angemaliza shule ya msingi Shangazi hayupo. Na kwa nini walizungumza habari hiyo bila yeye?

Tangu siku ile mambo yalibadilika. Placida alipoita uani, Kemirembe alijibu kwamba hana nafasi. Hakuwa tena na haraka ya kwenda popote. Alikaa ametulia mbele ya Shangazi, akamwinulia kadi mojamoja, akasikiliza jibu lisilo sawa, akasoma jibu lililo sawa kwa macho yake mwenyewe, na kusema kwa sauti tulivu: "Sahihi." Kisha aliitupa kadi kikapuni. Alijua vizuri alichokuwa akifanya, na kwa sababu alijua, hakuweza kumtazama Shangazi usoni.

*

Jumamosi moja Shangazi alimchukua Kemirembe wakaenda Kayanga. Walipanda bodaboda hadi njia kuu, kisha basi dogo hadi stendi. Karibu na soko palikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala la kijana aitwaye Apolinary, aliyesoma na Shangazi sekondari. Huko ndiko alikofanyia majaribio ya mtihani kwenye kompyuta.

Kemirembe alikaa kwenye benchi akitazama mgongo wa shangazi yake. Mwanzoni mgongo ule ulikuwa umenyooka. Kadiri jaribio lilivyoendelea ulizidi kuinama. Mwishowe Shangazi aliketi tu akikodolea kioo macho, mkono mdomoni.

Apolinary alisogea akachungulia. "Dada Evaresta, mbona hivi? Jaribio lililopita ulifanya vizuri kuliko leo."

"Ndiyo nashangaa," Shangazi alisema polepole. "Nimesoma kila jioni. Kila jioni, Apolinary. Na nyumbani napata karibu yote."

"Haikuonyeshi ulipokosea?"

"Hii programu ya bure inatoa alama tu."

Kemirembe aliangalia sakafu. Aliona chungu wawili wakivuta kipande cha mkate, akawatazama kwa bidii kana kwamba alikuwa ametumwa kuwachunga. Masikio yake yalikuwa ya moto. Alitaka kuondoka pale, lakini kuondoka kungemfanya aulizwe kulikoni.

Walipotoka, Shangazi aliongoza njia mpaka kwenye vibanda vya viatu. Hapo alisimama, akachagua raba nyeupe zenye mstari wa bluu, akampimisha Kemirembe.

"Za nini, Shangazi?"

"Za kuchezea rede. Nilijiwekea kwamba nitakupa siku nitakayofaulu, lakini nimeona nisingoje." Akajaribu kutabasamu. "Kama mimi nimeshindwa, wewe hujashindwa. Umekaa na mimi kila siku wakati wenzako wanacheza."

Kemirembe alizipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante kwa sauti ambayo ilikaribia kutosikika. Njia nzima alizipakata. Hazikuwa na uzito wowote, lakini aliona kama amebebeshwa jiwe la kusagia.

Hakuzivaa. Alizisukuma chini ya kitanda, nyuma ya gunia la maharage. Siku ya tatu Bibi aliuliza, "Zinakubana?"

"Hapana, Bibi."

"Sasa mbona unakwenda pekupeku na viatu unavyo?"

"Nazitunza."

Bibi alimtazama, kisha akaendelea kupepeta maharage. Macho yale yalimfuata Kemirembe mpaka shuleni.

Shangazi alizidisha bidii. Aliamka kabla ya jogoo na kusoma kwa mwanga wa tochi. Chakula alikigusagusa tu. Barazani alianza kusema peke yake, akirudia maneno kwa mdomo mkavu, na mengine aliyarudia na maana ambazo Kemirembe alijua kuwa si zake. Alikuwa akijitwisha makosa kwa juhudi ile ile ambayo mtu hutumia kujifunza yaliyo sawa. Kisha, jioni moja, hakuleta kadi.

"Leo hatusomi?" Kemirembe aliuliza.

"Pumzika," Shangazi alisema. "Nadhani kichwa changu kimeshapita umri wa mambo haya."

Hilo ndilo Kemirembe alilokuwa amelitaka. Shangazi asingeondoka. Alisubiri furaha ije, lakini haikuja.

*

Siku chache baadaye, shule zilipokuwa zimefungwa, Shangazi alimchukua Kemirembe waende kwa Mzee Polikarpi, mmoja wa wakulima wake. Kemirembe alibeba chupa ya dawa ya kutakasia visu.

Kibanja cha Mzee Polikarpi kilikuwa kikisifiwa na kila mtu: migomba minene iliyozunguka nyumba, na mibuni chini yake. Safari hii majani ya mstari mzima yalikuwa yamegeuka manjano na kuinama kama miavuli iliyovunjika. Shangazi alikata ndizi moja kutoka kwenye mkungu ambao ulikuwa umeanza kuiva kabla ya wakati wake. Ndani ilikuwa na rangi ya kutu.

"Shikamoo, Mzee," alisema kwanza, kwa maana mzee alikuwa amefika akijikongoja na mkongojo wake.

"Marahaba, Mtaalamu. Niambie tu. Mimi si mtoto."

"Ni mnyauko, Mzee. Mstari huu wote lazima ung'olewe. Na kwenye mstari wa pili, ile migomba iliyogusana na huu."

"Mwaka jana nilifanya ulivyoniagiza," mzee alisema. "Nilikata ua dume kwa kijiti chenye panda, nisiguse kwa kisu. Panga nililipitisha kwenye moto kabla ya kila mgomba. Kwa nini mnyauko umerudi?"

Shangazi aligeuza ile ndizi mkononi. "Sijui," alisema hatimaye. "Nakuambia kweli, Mzee, sijui kwa nini umerudi."

Mzee Polikarpi hakukasirika. Aliweka mkono kwenye shina la mgomba ulioharibika. "Mama yako alituambia kanisani kwamba unakwenda kusomea jambo hili. Nenda, mwanangu. Ukirudi, hata kama mimi sipo, utawaambia hawa watakaokuwepo."

"Siendi tena, Mzee. Nimejaribu mtihani wao nikaona siuwezi."

Alisema hivyo huku akijifanya anafuta kisu. Kemirembe, aliyesimama nyuma yake, aliona kwamba kisu kilikuwa safi tayari. Akatazama ile migomba ya manjano, akamtazama mzee, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba kadi zile za maboksi hazikuwa jambo lake na Shangazi peke yao.

Walirudi kwa njia ya miguu iliyopita katikati ya mibuni. Shangazi alitangulia. Walivuka kijito. Ng'ambo yake Kemirembe aliongeza hatua akamkaribia.

"Shangazi."

"Mm."

"*Noisome* siyo yenye kelele."

Shangazi aliendelea kutembea kidogo, kisha akasimama. Aligeuka polepole. "Unasema?"

"Ni yenye harufu mbaya. Ndivyo kadi inavyosema. Na *restive* siyo anayepumzika, ni asiyetulia. Na *enervate*..." Machozi yalikuwa yameshamjaa. "Ulikosea, nikasema sahihi. Siku nyingine pia. Hukushindwa, Shangazi. Ni mimi. Nilikuwa nasema sahihi."

Mahali fulani bondeni mtu alikuwa akikata kuni.

"Maneno mangapi?"

"Sijui. Ni mengi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuwahi rede. Placida alikuwa ananiita."

"Na siku ambazo Placida hakukuita? Siku ulizokaa na mimi mpaka rundo likaisha?"

Hapo Kemirembe alishindwa. Jibu lilikuwepo, lilikuwa limekaa kooni, lakini lilikuwa kubwa mno. "Nilizoea," alisema, na alijua kwamba hata sasa alikuwa ameacha kipande.

Shangazi hakumpiga wala hakupaza sauti, na Kemirembe angependelea moja kati ya hayo. Alisema tu, "Umeniacha nijidharau," akageuka, akaenda zake. Kemirembe alimfuata kwa mbali, na chupa ya dawa ikigonga goti lake kila hatua.

*

Nyumbani Shangazi alishusha boksi la maneno yaliyoiva, akamwaga kadi zote kwenye mkeka. Kemirembe alichuchumaa pembeni.

"Shangazi, tuanze zote upya. Nitakuuliza vizuri, naapa."

"Hapana," Shangazi alisema. "Nitajiuliza mwenyewe."

Kati ya yote, hilo lilimuumiza zaidi. Alikwenda kujificha jikoni, akamlilia Bibi na kumweleza kila kitu, isipokuwa kile kipande kilichobaki. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akasogeza kuni.

"Kukiri umeshakiri," alisema Bibi. "Sasa usikae hapa ukimwaga machozi kwenye maharage yangu. Tazama barazani. Yule anamenya ndizi kwa mkono mmoja na kushika kadi kwa mwingine. Atajikata."

Kemirembe alifuta uso. Alikwenda barazani, akachukua kisu na sufuria, akaanza kumenya. Shangazi alimtazama, naye akamwachia. Tangu siku ile kumenya kukawa kazi ya Kemirembe. Utomvu uliganda vidoleni mwake ukawa mweusi, na haukutoka hata aliposugua kwa mafuta. Alimenya huku Shangazi akijiuliza na kujijibu kimoyomoyo. Siku ya mechi ya marudiano na darasa la saba alibaki nyumbani. Placida alinuna, lakini darasa la sita lilishinda bila yeye.

Ilipita muda hivyo. Kisha jioni moja, bila utangulizi wowote, Shangazi alichukua kisu kutoka mkononi mwake na kumwekea rundo la kadi mapajani.

"Kichwa changu kinajipendelea," alisema. "Nikikaribia jibu najiambia nimepata. Nahitaji mtu."

Kemirembe alinawa mikono mara mbili. Kisha akainua kadi ya kwanza.

"Obdurate," Shangazi alisoma. "Mgumu. Kitu kigumu, imara."

Kemirembe aligeuza kadi: *mkaidi, asiyekubali kubadili moyo*. Lilikuwa karibu. Lilikuwa karibu sana, na uso wa Shangazi ulikuwa umechoka. Akavuta pumzi.

"Umekosea, Shangazi."

"Hata nusu hunipi?"

"Hata nusu. Ni mkaidi. Inarudi chini."

Shangazi alimkodolea macho. Kisha alicheka, kicheko cha kweli ambacho hakikuwa kimesikika katika nyumba ile kwa siku nyingi, na kule jikoni Bibi akauliza kuna nini. Jioni ile Kemirembe alisema "Umekosea" mara nyingi, na kila mara Shangazi alijibu, "Ahsante, mwalimu. Endelea."

*

Msimu wa senene ulipoanza, Shangazi alipanda basi kwenda Dar es Salaam kufanya mtihani. Siku ya kurudi, Bibi alimtuma Kemirembe Kayanga kwa bodaboda ya jirani akampokee. Basi lilichelewa. Kemirembe alisimama stendi, akitazama kila aliyeteremka.

Shangazi aliteremka akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Hakungoja kuulizwa.

"Nimefaulu, Kemirembe. Zimefika alama wanazotaka, na zimezidi kidogo. Kompyuta ilinionyesha pale pale."

Kemirembe alimrukia, wakakumbatiana katikati ya watu na mizigo. Kisha Shangazi alimshika mabega akamweka mbali kidogo amtazame.

"Umefurahi?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Kila mtu pale stendi angesema ndiyo, na isingekuwa uongo mzima. Lakini kile kipande kilichobaki kooni tangu siku ile ya mibuni kilikuwa kimemsumbua usiku na mchana, naye alikuwa amechoka kukaa nacho.

"Nimefurahi," alisema, "na pia ninaumia. Sitaki uende. Nilikusikia ukimwambia Bibi. Ndiyo maana niliendelea kusema sahihi hata nilipokuwa sina haraka. Nilitaka ushindwe, Shangazi. Nilitaka ubaki."

Alisema yote bila kupumzika, kisha akainamisha kichwa akingoja.

Shangazi aliweka mkoba chini. Akakaa kwenye ukingo wa saruji, akamvuta akae naye.

"Nilihisi," alisema. "Bibi yako pia alihisi. Lakini tuliona tungoje useme mwenyewe, kwa sababu tungekutamkia sisi ungeitikia tu." Akajifuta vumbi usoni. "Nami nina langu. Nilipanga safari inayogusa maisha yako bila kukuita ukae nasi tuzungumze. Hilo nilikosea, na leo sina wa kunisahihisha isipokuwa wewe."

"Umekosea," Kemirembe alinong'ona, na Shangazi akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa nisikilize, mwanangu. Siku ile uliposikia habari zile, ungekuja ukasema, 'Shangazi, sitaki uende,' ningeumia, ungelia, tungelia wote, na kesho yake tungetafuta namna. Hakuna ambacho kingeharibika. Lakini ulinificha, ukaanza kunijibu kile nilichopenda kusikia. Mtu akikusifia kosa lako, amekuacha peke yako nalo. Nilikuwa peke yangu muda wote ule, na wewe umekaa mbele yangu. Na wewe ulikuwa peke yako pia. Si ndivyo?"

Kemirembe aliitikia kwa kichwa. Ndivyo hasa ilivyokuwa. Hakuwa amewahi kuwa mpweke kama alivyokuwa pale barazani akisema sahihi.

"Basi huko nitakakokwenda," Shangazi aliendelea, "tutazungumza kwa simu ya Bibi kila Jumapili. Nikikuuliza hujambo, usiniambie sijambo kama unaumwa. Nikikuuliza masomo, niambie ulipofeli kabla hujaniambia ulipofaulu. Nami nitakuambia ya kwangu hivyo hivyo. Ukiniambia kweli hata ikiwa inauma, nitajua kwamba bado tuko pamoja. Umekubali?"

"Nimekubali."

"Na sasa hivi unajisikiaje?"

Kemirembe alifikiria kwanza. Watu walipita na magunia, na kijana wa bodaboda alianza kupiga honi akiwaita.

"Bado inauma," alisema. "Lakini ni afadhali kuliko jana."

Shangazi Evaresta alimpa upande mmoja wa mkoba, naye akashika mwingine, wakaanza safari ya kurudi Mabira.